Historia ya mchezo usio na mshindi

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, jua likipunguza ukali kidogo, sisi watu sita hukutana nyuma ya duka moja hapa Kakuma 3. Meza yetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya madumu. Juu yake kuna karatasi sita, penseli mbili za kugombania, na mkebe wa Kimbo wenye vizibo 20 vya soda. Kila kizibo kina namba, kuanzia 1 hadi 20. Ukitaka kuruka ukuta, au kumdanganya mlinzi wa lango, au kumkata joka shingo, unatia mkono mkebeni bila kuangalia na kutoa kizibo kimoja. Namba kubwa, umeweza. Namba ndogo, pole sana. Tumecheza hivyo karibu miaka miwili na hakuna aliyeshinda. Hakuna aliyeshindwa pia.

Wapita njia hawaachi kuuliza. "Sasa nyinyi mnacheza nini? Karata ziko wapi? Pesa iko wapi? Nani anaongoza?" Mama mwenye duka alitutazama mwezi mzima, halafu akasema, "Wanangu, huu si mchezo, hii ni kuongea tu." Tulicheka, lakini neno lake lilinibakia. Kama ni kuongea tu, kwa nini mwenzetu mmoja analipa boda kutoka Kalobeyei kila wiki ili aje kuongea? Na mbona mimi mwenyewe niliwahi kuahirisha safari ya mjini kwa sababu tu mhusika wangu alikuwa amening'inia kwenye kamba?

Nikaanza kuchimba historia ya mchezo huu kwa simu, bando likiisha nangoja mpaka wiki ijayo. Jina lake kamili ni Dungeons & Dragons, yaani Mahandaki na Majoka. Sisi tunauita Majoka tu.

Tuanzie kwa wanajeshi, maana wao ndio waliopanda mbegu bila kujua. Mwaka 1824 afisa kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kwenye ramani, akiendeleza kazi aliyoianza baba yake. Makamanda wa pande mbili waliandika amri zao kwenye karatasi na kumpa mwamuzi. Mwamuzi aliwaambia kile tu ambacho wangeweza kukiona, na dadu zikaamua hasara ya kila upande. Kanuni ziliongezeka mpaka zikawa mzigo. Mwaka 1876 afisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza nyingi zitupwe na mwamuzi mwenye uzoefu aachiwe kuamua kwa akili yake. Hapo ndipo ilipoingia fikra ya kwamba mtu mmoja mwenye busara anaweza kuchukua nafasi ya kitabu kizima.

Mwaka 1880 afisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu cha mchezo wa aina hiyo kiitwacho Strategos. Kitabu kikalala kwenye rafu karibu miaka 90. Kisha kijana mmoja wa Minnesota, David Wesely, akakikuta maktabani. Wesely na wenzake walikuwa wakicheza vita kwa askari wadogo wa madini, na kila mara mchezo uliishia kwenye ugomvi: risasi imefika au haijafika, farasi amepita au hajapita. Alichokipenda kwa Totten ni mambo mawili: kuwe na mwamuzi, na mchezaji aruhusiwe kujaribu jambo lolote, hata lisiloandikwa.

Mwaka 1969 Wesely alitayarisha mchezo kuhusu mji wa kubuni wa Ujerumani, enzi za Napoleon, akauita Braunstein. Zamani makamanda walikuwa wawili tu, lakini siku hiyo watu walikuja wengi, na kila mmoja alitaka kazi. Basi akawagawia watu wa mji. Wewe ni meya, wewe mwenye benki, wewe mkuu wa chuo kikuu. Alikuwa amepanga waanze taratibu, kisha vita vifike. Wapi! Watu wakaanza kwenda pembeni kunong'onezana, kupanga njama, kudanganyana. Wawili wakamwendea wakamwambia wanataka kupigana ana kwa ana mpaka mmoja afe. Kanuni ya jambo hilo haikuwepo, ikabidi aibuni papo hapo. Jeshi halikupigana vita vyovyote vya maana, na Wesely alirudi nyumbani akiamini ameharibu. Wenzake wakamfuata: tutarudia lini?

Nilipoifikia sehemu hii nilimkumbuka yule mama wa duka. Kumbe hata aliyeanzisha alidhani ni kelele tu. Kila mmoja alikuwa amepewa mtu mmoja wa kumbeba, na mtu huyo alikuwa na haja zake. Ukishapewa mtu mwenye haja, vita vya jumla havikuhusu sana.

Mmoja wa waliokuwepo ni Dave Arneson. Yeye aliutoa mtindo huo kwenye Ulaya ya Napoleon na kuupeleka kwenye nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, yenye ngome, na chini ya ngome mahandaki yenye mazimwi na hazina. Mwanzoni mhusika alikufa kwa pigo moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya michezo ya vita, maana askari wa madini hana mama. Lakini wachezaji wa Arneson hawakukubali. Walikuwa wameshawazoea watu wao, wameshawapa majina. Kwa maelezo yake mwenyewe, Arneson alikwenda kuazima kanuni kutoka mchezo wa manowari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Meli haizami kwa kombora moja. Ina unene wa chuma, na ina kiasi cha kuumia inachoweza kustahimili. Akampa binadamu hesabu ile ile ya meli. Tangu hapo mhusika ana pointi za uhai, na unaweza kujeruhiwa vibaya, ukaburutwa na wenzako mpaka nje, ukapona, ukarudi Jumamosi nyingine.

Nakuomba msomaji usipite hapo haraka. Katika jambo lote hili, kwangu hiyo ndiyo kanuni kubwa kuliko zote, na haikutungwa na mtu aliyekaa ofisini. Ilitokana na watu waliokataa kumpoteza mtu wao.

Sasa tuje kwa Gary Gygax. Huyu aliishi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, akifanya kazi kwenye bima. Mwaka 1970 alipoteza kazi. Akanunua vifaa akawa fundi viatu nyumbani kwake, huku usiku akiandika kanuni za michezo. Mwaka 1971 yeye na Jeff Perren walitoa kitabu cha vita vya enzi za kati kiitwacho Chainmail, na nyuma yake waliongeza kurasa za wachawi na majoka. Arneson alizitumia kurasa hizo kule Blackmoor. Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri mpaka Lake Geneva pamoja na David Megarry, akaongoza mchezo nyumbani kwa Gygax. Fundi viatu akaelewa mara moja. Akaanza kuandika, na waliopita wa kwanza kwenye mahandaki yake mwenyewe, aliyoyaita Greyhawk, walikuwa wanawe wawili, Ernie na Elise.

Wachapishaji hawakuutaka. Mchezo usio na ubao, usio na mshindi, unaochezwa kwa mdomo, nani atanunua? Oktoba 1973 Gygax na rafiki yake wa tangu utotoni, Don Kaye, wakaanzisha kampuni yao, na Kaye akaikopea bima yake ya maisha ili pesa ipatikane. Brian Blume akaingia na pesa zaidi. Mapema 1974 boksi likatoka: vijitabu vitatu vyembamba, nakala 1,000, zilizopangwa kwa mkono nyumbani kwa Gygax, bei dola 10. Wahusika walikuwa wa aina tatu tu, mpiganaji, mchawi na kasisi. Kwenye orodha ya vifaa vinavyohitajika walitaja karatasi, penseli, na mwamuzi mwenye subira. Kaye hakuona matunda ya mkopo wake, alifariki Januari 1975 kwa ugonjwa wa moyo.

Waliowahi kuvisoma vijitabu vile wanakubaliana kwamba vilikuwa vigumu kueleweka. Mambo mengi hayakuandikwa kabisa. Na bado nakala ziliisha, zikachapishwa nyingine. Kila meza iliziba mapengo kwa njia yake. Kule California hivi, kule Minnesota vile. Dadu zenyewe zilikuwa shida. Ile ya pande 20 ilitoka kwa wauzaji wa vifaa vya shule, na mwaka 1979 dadu zilipoadimika, kampuni ilitia ndani ya boksi vipande vya karatasi vyenye namba ili watu wavitie kikombeni na kuvuta. Siku niliyoisoma habari hiyo nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Kumbe mkebe wetu wa Kimbo una ukoo!

Sasa turudi kwenye swali. Ni kitu gani kinaufanya mchezo huu uwe wenyewe? Si joka. Majoka yapo kwenye sinema. Si dadu, maana ludo pia ina dadu. Mimi naona ni mambo matatu, na yote tumeyaona yakizaliwa.

La kwanza, unabeba mtu mmoja, si jeshi. La pili, unaruhusiwa kujaribu lolote, kwa sababu mbele yako yupo mtu wa kuamua na si ubao. Kwenye bao huwezi kusema, "Mimi nitaziacha kete, nimwombe mpinzani msamaha." Kwenye Majoka unaweza, na msimamizi atafikiri kidogo kisha akwambie, "Haya, toa kizibo." La tatu, mchezo haufutwi. Bao likiisha kete zinarudi, kila mtu anaanza sawa. Kwenye Majoka ulichopata wiki iliyopita unacho, jeraha unalo, deni unalo, adui uliyemwacha hai anakutafuta. Yote yameandikwa kwenye karatasi ya mhusika.

Hilo la tatu ndilo linalomfunga mtu, ndivyo ninavyoamini. Sisi wa hapa tunajua karatasi ni nini. Tumepanga foleni kwa ajili ya karatasi. Maisha yako yako kwenye faili la mtu mwingine, na unaulizwa tena na tena tarehe ambayo kijiji kilishambuliwa. Karatasi ya mhusika ni ya namna nyingine. Inaandikwa na wewe mwenyewe, mbele ya wenzako waliokuwepo na walioona. Ukisema uliruka ule mto, kuna mashahidi watano.

Na uaminifu huo umejaribiwa sana. Arneson na Gygax wenyewe waligombana juu ya malipo. Mwaka 1979 Arneson aliishtaki kampuni, wakapatana 1981. Mwaka 1985 Gygax akatolewa kwenye uongozi wa kampuni aliyoianzisha. Mwaka 1997 kampuni hiyo, ikiwa taabani kwa madeni, ilinunuliwa na Wizards of the Coast, watengenezaji wa karata za Magic. Katikati ya hayo yote meza hazikuvunjika. Vitabu vya mwaka jana havikuacha kusomeka kwa sababu mabosi wamegombana.

Jaribio lingine lilitoka kwa wazazi na makanisa. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alipotea, na magazeti yakasema mchezo umemmeza. Alipatikana akiwa hai, na matatizo yake yalikuwa mengine kabisa, lakini hofu ilishasambaa. Mwaka 1983 mama mmoja wa Virginia, Patricia Pulling, aliyekuwa amempoteza mwanawe kwa kujiua, alianzisha chama cha kuupinga mchezo. Uchungu wake siwezi kuucheka. Ila ushahidi kwamba mchezo unaua watoto haukupatikana.

Nasi tumepita hapo. Mzee mmoja wa kanisa alisikia kwamba vijana wanaita mazimwi nyuma ya duka. Mwenzetu mmoja alikatazwa na wazazi wake, tukamkosa miezi mitatu. Mwishowe tukamwalika mzee aje aone kwa macho yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo magotini, kimya. Siku hiyo tulikuwa tumekwama mbele ya ngome yenye walinzi kumi na wawili, tunabishana namna ya kuingia. Saa nzima ikapita. Mzee akakohoa. "Kwani wanangu, hiyo nyumba haina mlango wa jikoni?" Msimamizi akamwangalia, akasema, "Shikamoo mzee, toa kizibo." Akatoa 17. Wiki iliyofuata mwenzetu alikuwa amerudi mezani.

Waliouogopa mchezo kwa sababu ya kweli zaidi walikuwa wakuu wa gereza. Huko Waupun, Wisconsin, jimbo lile lile la Gygax, mwaka 2004 mfungwa mmoja alinyang'anywa vitabu vyake pamoja na kurasa 96 alizoziandika kwa mkono, nchi nzima aliyoibuni mwenyewe. Alikwenda mahakamani. Gereza lilijibu kwamba mchezo una msimamizi anayewaongoza wengine, na kwamba unaweza kuwafundisha wafungwa kujipanga kama genge. Wafungwa wenzake walitoa viapo kwamba hawajawahi kuona jambo hilo. Januari 2010 mahakama ya rufaa ya Chicago ikaliunga mkono gereza. Mimi si mwanasheria. Lakini naona gereza lilikuwa limeelewa nusu ya jambo: watu wakikaa wiki baada ya wiki wakibebana kwenye hatari, hata ya kubuni, wanakuwa kitu kimoja. Nusu ambayo halikuielewa ni kwamba msimamizi hana amri akiwa peke yake. Wengine wakiinuka wakaenda zao, anabaki anaongea na mlango uliolazwa juu ya madumu.

Kampuni nayo ilikuja kulijua hilo. Mwaka 2000 Wizards ilitoa leseni iliyowaruhusu watu wengine kutumia sehemu kubwa ya kanuni kutengeneza vitabu vyao. Mwaka 2008 ilitoa toleo la nne lililobadilisha mambo mengi, na wengi hawakulitaka. Mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni zile za zamani, na umati ukahamia huko. Jina halikuwashika. Walikwenda ambako watu wao wangeweza kuendelea kuishi. Kisha Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka kubana ule uhuru. Wachezaji wakapiga kelele, wakafuta malipo yao ya kila mwezi, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma. Ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria, na ruhusa iliyotolewa hivyo hairudishwi.

Wengine wataisoma habari hiyo kama ugomvi wa matajiri. Kwetu ina maana yake. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzibadilisha na kuzitafsiri kanuni zile, mradi amtaje aliyeziandika. Sisi tumeanza kuzitafsiri kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa wiki, kwenye daftari la mistari. Tunabishana sana. Mkongo anataka neno lake, Mrundi lake, mtoto aliyezaliwa hapa hapa Kakuma analeta la mtaani. Lakini hakuna ofisi ya kutuuliza kibali.

Nimebakiza jambo moja. Mwaka jana mwenzetu aliyecheza tangu siku ya kwanza alimaliza prosesi. Miaka ya intavyuu, kisha ghafla jina lake likatoka, na baada ya siku chache akawa kwenye basi la kwenda kupanda ndege. Mhusika wake anaitwa Mtokambali, mpiganaji wa ngazi ya tano, mkono wa kushoto mbovu kwa sababu ya joka la mwezi wa tatu. Jumamosi iliyofuata tulikaa watano. Karatasi ya Mtokambali ilikuwa mezani, imewekewa jiwe ili upepo usiichukue. Msimamizi akauliza, "Huyu tumfanyeje?" Mmoja akasema afe kishujaa. Mwingine akasema arithiwe na mgeni. Mama wa duka, ambaye siku hizi ana kiti chake, akasema, "Kwani amekufa? Si amesafiri tu? Mwacheni alinde daraja."

Basi akalinda daraja miezi minne. Mwenzetu akapata simu huko Kanada, akapata na intaneti. Saa tisa yetu ni saa mbili asubuhi kwake. Jumamosi iliyopita tuliisimamisha simu kwenye mkebe wa chai, picha ikikatika katika. Hakuuliza habari za kambi. Aliuliza, "Mtokambali yuko wapi?" Tukamwambia bado yuko darajani, na kuna wapanda farasi wanakuja. Nikatikisa mkebe wa Kimbo karibu na simu ili asikie vizibo. Akasema, "Haya kaka, nitolee."

Nikamtolea. Ilikuwa 9. Si namba nzuri, na tulipoacha daraja lilikuwa bado linawaka moto.